Bakshishi, chenji na "we dada": maswali ambayo wateja huniuliza kuhusu wahudumu

Nimebeba trei miaka minne hapa Dar es Salaam: miwili kwenye baa ya mtaani, miwili kwenye mgahawa wa watalii. Sasa hivi mimi ni mteja kama nyie, ila marafiki wakishajua nilikotoka huniuliza maswali yale yale, hasa mwisho wa mwezi mishahara ikiingia. Nimeyakusanya hapa. Mengi ni ya hapa nyumbani. Ya ughaibuni nimeyaweka karibu na mwisho kwa anayesafiri.

Bakshishi ni lazima?

Si lazima. Bili unadaiwa, bakshishi unatoa kwa hiari yako. Neno lenyewe lina asili ya Kiajemi na maana yake ya tangu zamani ni kutoa, kukirimu. Mhudumu anayekuganda mlangoni mpaka utoe anakosea, na mteja anayejiona amedhulumiwa kwa sababu mezani kuna kisahani cha bili naye anakosea. Tulia, lipa, sema asante, ondoka.

Sawa, nikitaka kutoa, nitoe shilingi ngapi?

Hatuna asilimia ya kudumu kama Wamarekani. Kwa mama lishe hakuna anayesubiri bakshishi, kwa kuwa yeye ndiye mwenye biashara. Ukimwambia chenji ya mia tano abaki nayo atafurahi, usipomwambia hakuna atakayenuna. Kwenye baa na migahawa ya kawaida, nilichokuwa nakipata ni kati ya 500 na 2,000 kwa meza, na usiku wenye mpira ikipanda kidogo. Kwenye migahawa yenye vitambaa mezani, mimi natoa kati ya asilimia tano na kumi.

Lakini kabla ya kupiga hesabu ya asilimia, angalia kazi. Watu kumi na wawili wanaokunywa maji na soda kwa saa tano, watoto wanamwaga, keki inaletwa kutoka nje, mishumaa haionekani, kila mmoja anataka bili yake: bili ni ndogo, kazi ni kubwa. Wawili waliokula kamba wakubwa na kuondoka ndani ya saa moja, bili ni nene na kazi ni nyepesi. Ukitumia asilimia peke yake utawapendelea walioagiza ghali.

Bili imeandikwa ada ya huduma. Bado natoa?

Kwanza tenganisha vitu viwili. VAT ni kodi, inaenda serikalini. Kenya utaona pia asilimia mbili za utalii; nazo ni kodi, si za mhudumu. Ada ya huduma ni kitu kingine: nyumba imejiwekea yenyewe, mara nyingi asilimia kumi. Kuna sehemu inagawanywa kwa wafanyakazi wote mwisho wa mwezi, jikoni hadi bustanini, na kuna sehemu inaishia kwenye droo ya mwenye mali. Muulize mhudumu kwa sauti ya chini, "Hii inawafikia?" Akijibu haraka, inawafikia. Akitazama kwanza kaunta ndipo ajibu, una jibu lako.

Nikilipa kwa simu, naweza kuongezea bakshishi humo humo?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi sasa. Jibu: usiongeze.

Ile "Lipa namba" iliyobandikwa mezani, ya kulipia kwa simu, ni ya biashara. Ukilipa 23,000 kwa bili ya 20,000, meseji inaingia kwenye simu ya kaunta au ya bosi aliye nyumbani kwake, na inasomeka 23,000. Hizo 3,000 za ziada mhudumu ataziona endapo bosi ana moyo na endapo mtu wa kaunta ana kumbukumbu. Nimewahi kushuhudia zikiitwa "mauzo" kwenye daftari, huku dada aliyekuwa ameachiwa amesimama palepale na trei mkononi.

"Basi anipe namba yake nimrushie." Hapa naomba wanaume wenzangu wanisikilize. Dada wa baa akikupa namba yake kwa ajili ya 2,000, amekupa na njia ya kumpigia saa nane usiku. Wengi wameshaungua. Kwa hiyo anasita, wewe unadhani anaringa, na bakshishi inageuka maneno. Ukiwa mteja wa siku zote na anakufahamu, sawa. Kama sivyo, dawa ni ya kizamani: kabla hujatoka nyumbani weka noti tatu nne za elfu moja na elfu mbili mfukoni. Lipa bili kwa simu, bakshishi mpe mkononi.

Nimwambie "na wewe chukua moja" kama tunavyofanya baa?

Mwambie, ila ujue kinachotokea. Mara nyingi hainywi. Anakwenda kaunta, ile bia inabaki kwenye friji, na mwisho wa zamu anachukua thamani yake kwa pesa taslimu. Si wizi, umempa, ni yake. Nilikuwa na mwenzangu aliyekuwa na "bia" saba kwa usiku mmoja na hajawahi kuonja pombe maishani mwake, muumini wa kweli. Kinachokera ni mteja anayelazimisha ifunguliwe mbele yake na mhudumu akae anywe. Ana meza nyingine nne zinamsubiri, na akilewa kazini anafukuzwa yeye, si wewe. Bia uliyomnunulia haimfanyi awe wa meza yako usiku kucha.

Namuita vipi? Nikisema "we" ananuna.

Na mimi ningenuna. Kupiga makofi, kugonga chupa kwa funguo, kufyonza "kssss" kama unafukuza kuku, kupiga mluzi: yote nimepigiwa. Mhudumu anakuja kwa kuwa ni kazi yake, lakini meza hiyo ameshaiwekea alama kichwani.

Njia ni rahisi. Mnyanyulie mkono, mtazame, sema "dada, samahani" au "kaka, samahani". Akifika, msalimie kabla ya kuagiza. "Habari ya kazi" au "pole na kazi" inatosha, haichukui hata sekunde tatu. Kama mlinzi au mhudumu ana umri wa baba yako, shikamoo haijawahi kumshusha mtu cheo. Nimemwona mkurugenzi mzima akimwamkia mzee wa getini na kuingia, wala gari lake halikupungua bei. "Shemeji", "mchumba", "mke wangu" ziache, hata kama yeye anacheka. Anacheka kwa sababu yuko kazini.

Kisha lugha ya kuagiza. Hapa Bara na Zanzibar tunasema "naomba chai", na "nipe chai" inasikika kama amri. Ndugu zetu wa Nairobi husema "nipe" na "niletee" bila ubaya wowote, na wakija Dar hushangaa kuona sura imebadilika. Wahudumu wenzangu, Mkenya akisema "leta soda", mpeni muda. Hakutukani, ndivyo wanavyosema kwao.

Kama ana kibandiko cha jina kifuani, lisome na ulitumie. Ila tafadhali, usomaji wa kibandiko usichukue dakika mbili.

Mhudumu anasema hana chenji. Ni janja?

Mara nyingine ni kweli: asubuhi kaunta haina noti ndogo na kila mteja anakuja na elfu kumi. Mara nyingine ni janja, na tuliokuwa ndani tunaijua: unachelewesha chenji hadi mteja achoke kusubiri. Chenji ni yako. Ikae kwako mpaka utamke mwenyewe "baki nayo". Ukiona inachelewa, iulizie mara moja bila kelele, "dada, naomba chenji yangu", ikifika ndipo uamue. Ninayemheshimu ni yule anayeleta mpaka mia mbili ya mwisho kisha anaondoka mezani bila kusimama kukutazama.

Ni kweli mteja akikimbia bili mhudumu ndiye analipa?

Kwenye baa nyingi, ndiyo, na watu hawajui kwa jinsi gani. Nilikofanyia kazi mimi, mwanzo wa zamu unakabidhiwa pesa ya kuanzia. Ukiagizwa bia unakwenda kaunta *unainunua* kwa ile pesa, unampelekea mteja, halafu unamsubiri akulipe. Kwa hesabu ya kaunta bia imeshalipwa. Kwa hiyo meza ikinyanyuka ya watu wanne, mmoja anakwenda "kupokea simu", wawili "kuangalia gari", wa nne chooni, pesa iliyopotea ni yako. Usiku mmoja niliachiwa 46,000. Nilikuwa nalipwa kwa siku kiasi ambacho ilinichukua karibu wiki mbili kuzirudisha, na nauli nilikopa.

Sheria haisemi hivyo. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inaruhusu mwajiri kukata mshahara kwa ajili ya hasara pale tu hasara ilipotokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, mwajiri ameeleza kwa maandishi sababu, kiasi na namna alivyokipata, mfanyakazi amepewa nafasi ya kupinga, na makato hayazidi robo ya mshahara wake wa fedha. Mteja kutoroka kwa ujanja wake si lazima liwe kosa la mhudumu. Anayeonewa anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na chama cha wafanyakazi kinachogusa sekta hii ni CHODAWU. Kwa Kenya ni KUDHEIHA. Najua, wengi hawana mkataba wa maandishi na wanaogopa kupoteza hata hicho kibarua. Ndiyo maana nakuandikia wewe mteja: kabla hujanyanyuka, hakikisha meza yenu imelipa yote, pamoja na ile bia ya rafiki aliyeondoka mapema akisema "mtaniwekea".

Chakula kimechelewa saa nzima. Bado nimpe?

Jiulize kwanza nani amechelewesha. Mhudumu hapiki. Siku moja gesi ilikatika jikoni saa saba mchana, mchana wa Ijumaa watu wametoka msikitini, mgahawa umejaa. Mpishi alihamia kwenye mkaa, na mkaa wenyewe ulikuwa na unyevu. Nilipita meza kwa meza kueleza. Baba mmoja alinirushia menyu kifuani. Meza ya jirani, mama mmoja akauliza, "Kuna kitu gani kiko tayari sasa hivi?" Nikamwambia supu na chapati. Akala supu na chapati, akaenda zake.

Kinachomhusu mhudumu ni hiki: alikuambia mapema? alirudi kukupa taarifa? alileta ulichoagiza au cha meza nyingine? Kama alikuacha gizani, punguza au usitoe, hakuna dhambi. Ukitaka kulalamika, muite meneja ueleze jambo lenyewe, "niliagiza saa saba na robo, sijapata", badala ya "huyu msichana wenu hafai". Sentensi ya kwanza inarekebisha jikoni. Ya pili inamtoa mtu kazini, na chakula kitaendelea kuchelewa.

Na wa jikoni?

Huyo hakuna anayemkumbuka. Muosha vyombo wetu alikuwa anasimama kwenye beseni mbili kuanzia saa nne asubuhi, mikono imekunjamana kama ya mzee na umri wake ishirini na mbili. Ukipenda chakula, mpe mhudumu noti ya pili useme wazi, "hii ya jikoni". Ukishasema kwa sauti mbele ya wenzake, inafika.

Mlinzi wa maegesho, anayejaza mafuta sheli, anayesafisha choo?

Mia tano au elfu moja, na salamu. Ukikuta choo kisafi, mpe yule wa choo kabla ya wote.

Bakshishi na rushwa zinatofautiana wapi? Zote tunaziita "chai".

Neno "chai" limetuharibia. Angalia mambo matatu: umetoa lini, umemtolea nani, na umepata nini. Bakshishi hutolewa baada ya huduma, kwa mtu ambaye kazi yake ni kukuhudumia, na usipotoa ungepata huduma ile ile. Ukitoa kabla ili urukishwe foleni, au ukimpa mwenye mamlaka juu yako, trafiki, karani wa ofisi ya umma, muuguzi wa hospitali ya serikali, hiyo ni rushwa hata ukiipa jina la asante. Tumeshapita njia hii kama taifa. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi iliruhusu "takrima", yaani wagombea kuwakirimu wapiga kura, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaifuta kuwa inakiuka katiba. Mpaka wa ukarimu na hongo haukuonekana.

Muuguzi aliyekuhangaikia mwandikie barua ya shukrani kwa mganga mkuu. Huwa zinabandikwa ubaoni, na anazihitaji.

Ofisi yetu inapanda Kilimanjaro. Wapagazi tunawapaje?

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa Watanzania tunaopanda sasa ni wengi na hupenda kusema bakshishi ni mambo ya wazungu. Wapagazi, wenyewe wakijiita wagumu, wanabeba hema zenu, vyakula, gesi, viti na mabegi. Kikomo cha mzigo kwa mpagazi ni kilo 20, na getini kuna mizani. Wakati ninyi mnapanda pole pole, wao wanawapita na mzigo kichwani ili mkifika kambini mkute hema limesimama na chai imechemka. Kilele kina mita 5,895, na kambi ya mwisho usiku ni baridi ile ile kwenu na kwao.

Tatizo la mlimani ni njia pesa inayopita. Kikundi kinakusanya bahasha moja nene, kinamkabidhi kiongozi mkuu, kinapiga picha, kinaondoka. Kinachomfikia mpagazi wa mwisho hakijulikani. Fanyeni hivi: kabla ya kuondoka Moshi au Arusha, ombeni orodha ya majina ya timu nzima na kazi zao. Toeni pesa mjini, noti ndogo ndogo, maana huko juu hakuna pa kuzivunja. Siku ya mwisho, wakishaimba na kucheza, msimame mtangaze kwa Kiswahili mbele ya wote: kila mpagazi kiasi hiki, mpishi hiki, viongozi wasaidizi hiki, kiongozi mkuu hiki. Kisha mpeni kila mtu mkononi. Wageni wengi hukwama hapo kwa sababu ya lugha. Ninyi lugha mnayo.

Na mkiona mpagazi hali chakula cha kutosha au analala bila godoro, iambieni kampuni mliyolipa. Bakshishi haizibi pengo hilo.

Mimi ndiye mwenye mgahawa. Bakshishi nizigawe au kila mtu na yake?

Zote mbili zinawezekana. Ninachokataa ni wewe kuwemo kwenye mgao. Mkataba namba 172 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1991, unaohusu hoteli na migahawa, unaitaja bakshishi kuwa fedha ambayo mteja anampa mfanyakazi kwa hiari juu ya anachodaiwa, na unataka mfanyakazi awe na mshahara wake wa msingi bila kujali bakshishi. Yaani usimwambie binti "mshahara ni mdogo ila hapa tipu zipo". Mkataba huo huo unakataza kuuziana nafasi za kazi, jambo ambalo wahudumu wengi wakilisoma watacheka kwa uchungu.

Ukiamua kugawa, weka kisanduku chenye kufuli, ufunguo ushikwe na mfanyakazi waliyemchagua wenyewe, kifunguliwe siku moja ya wiki mbele ya zamu mbili, na kila mtu asaini daftari. Jikoni wawemo.

Nikisafiri nje?

Marekani usifanye mchezo. Sheria ya shirikisho inaruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepata tipu dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1991, ili mradi tipu zimfikishe kwenye kima cha chini cha 7.25. Majimbo kadhaa, California ikiwemo, yamekataa utaratibu huo na wanalipa kima kamili, lakini desturi ya kuacha asilimia 15 hadi 20 iko kote. Usipoacha, wanaona umekula jasho la mtu. Ndugu zetu wengi, Wakongo hasa, wanafanya kazi za hoteli na jikoni huko. Waulize, watakuambia zaidi yangu.

Uingereza angalia kwanza kama ada ya huduma imeshaingizwa kwenye bili. Tangu Oktoba 2024 sheria inamtaka mwajiri awapitishie wafanyakazi tipu zote bila kukata. Japani usiache kitu mezani. Wanaweza kukukimbilia barabarani wakidhani umesahau pesa yako.

Nimempa, amekataa. Nimemkosea?

Hapana. Hoteli nyingine zinakataza, na kuna kamera juu ya kaunta. Ukisisitiza unamtia matatani. Irudishe mfukoni, muulize jina lake, na unapotoka pita kwa meneja useme, "Huyu kijana wa meza za dirishani amenihudumia vizuri." Mimi mteja alinisifia hivyo kwa meneja mara moja, kwenye ule mgahawa wa watalii. Mwezi uliofuata niliondolewa zamu ya usiku, jambo nililokuwa naliomba tangu mwaka uliotangulia.